Mapambano ya nyangumi: nani askari, nani haramia?

Tarehe 21 Julai 2024 meli ya wanaharakati iitwayo John Paul DeJoria iliingia katika bandari ya Nuuk, Greenland, ili kujaza mafuta. Polisi walipanda melini na kumtia pingu kiongozi wa safari hiyo, mzee wa miaka 73 mwenye mvi kichwa kizima. Mzee huyo, Paul Watson, mzaliwa wa Canada, alikuwa akisakwa na Japan tangu mwaka 2012 kwa ilani ya polisi wa kimataifa, Interpol. Alikaa mahabusu kwa muda wa miezi mitano. Tarehe 17 Desemba mwaka huo huo Wizara ya Sheria ya Denmark ilikataa kumkabidhi kwa Japan, naye akaachiwa huru.

Kosa aliloshutumiwa lilihusu mambo yaliyotokea Februari 2010 katika Bahari ya Kusini, karibu na bara la barafu la Antaktika, mahali ambapo hapana mji, hapana kituo cha polisi wala mahakama kwa maelfu ya kilomita. Huko ndiko meli za Japan za kuwinda nyangumi na meli za wanaharakati zilikokuwa zikifukuzana, zikirushiana maji na chupa, na mara nyingine zikigongana, kila majira ya kiangazi cha kusini.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kama ugomvi wa Wazungu na Wajapani. Hata hivyo, Afrika imo ndani yake tangu mwanzo. Meli ya kwanza ya uwindaji kugongwa kwa makusudi na wanaharakati ilikuwa na wenyewe Afrika Kusini na iliwahi kupeperusha bendera ya Somalia. Na kesi kubwa kuliko zote kuhusu nyangumi ilipoamuliwa mjini The Hague, majaji wawili wa Afrika Mashariki, mmoja wa Uganda na mwingine wa Somalia, walisimama pande mbili tofauti.

Sheria isiyo na askari

Watu wa mwambao wetu wamemjua nyangumi kwa karne nyingi, zaidi kwa ambari, ule mzigo wa thamani utokao tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufukweni, ambao wafanyabiashara waliupeleka Uarabuni kwa ajili ya manukato. Uwindaji wa kuwamaliza ulikuja na Wazungu. Katika karne ya 19 Wanorwei waliunda mzinga wa kurusha chusa chenye baruti, na kufikia miaka ya 1920 zilikwishapatikana meli mama, yaani viwanda vinavyoelea, zenye mteremko upande wa tezi wa kumvuta nyangumi mzima hadi sitahani na kumchinja huko huko baharini. Wataalamu wanakadiria kwamba katika karne ya 20 waliuawa nyangumi karibu milioni tatu.

Nchi zenye meli hizo zilitia saini mkataba wa kuratibu uwindaji mjini Washington mwaka 1946, na kutokana nao ikaundwa Tume ya Kimataifa ya Uwindaji wa Nyangumi. Tume hiyo ilipewa uwezo wa kuweka viwango, lakini haikupewa meli hata moja ya doria. Isitoshe, mwanachama asiyeridhika na uamuzi aliruhusiwa kuwasilisha pingamizi, na hapo uamuzi huo haumfungi. Nchi isiyokuwa mwanachama haikufungwa na chochote.

Matokeo yake yalijulikana baadaye, baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika na wanasayansi wake kufungua madaftari. Kati ya mwaka 1947 na 1973 meli za Kisovieti ziliua nyangumi wenye nundu zaidi ya 48,000 katika bahari za kusini, ilhali taarifa zilizopelekwa kwenye Tume zilitaja 2,700 tu. Mwaka 1966 meli hizo hizo zilipita Bahari ya Arabia na kuua nyangumi wenye nundu zaidi ya 200 karibu na pwani za Oman, Pakistan na India. Nyangumi wa Bahari ya Arabia ni wa pekee, maana hawahami kwenda kusini kama wenzao. Leo wanakadiriwa kuwa hawafiki 100, na wasomaji wetu wa Muscat na Salalah huenda wana majirani adimu kuliko wanavyodhani.

Katika hali hiyo ndipo vijana wa shirika la Greenpeace walipoamua kwenda wenyewe. Tarehe 27 Juni 1975, mbali na pwani ya California, waliwakuta wawindaji wa Kisovieti na kuingiza mashua zao za mpira katikati ya mzinga na nyangumi. Chusa kilirushwa juu ya vichwa vyao na kumpiga nyangumi aliyekuwa mbele yao. Katika mashua hiyo alikuwemo Paul Watson, wakati huo kijana wa miaka 24. Picha za filamu zilionyeshwa kwenye televisheni kote duniani, na kwa Greenpeace huo ndio uliokuwa ushindi: kushuhudia, kupiga picha, kutomgusa mtu wala mali. Watson hakuridhika. Mwaka 1977 aliondolewa katika uongozi wa Greenpeace, akaanzisha shirika lake, Sea Shepherd, lililoamini kwamba chombo cha mhalifu kinaweza kuharibiwa maadamu hakuna anayeumizwa.

Meli ya bendera nyingi

Ninaandika kutoka Berea, mtaa wa maghorofa ulio jirani na Hillbrow katikati ya Johannesburg. Bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapa. Afrika Kusini ina Berea zaidi ya moja, na wageni huzichanganya: nyingine iko Durban, kwenye kilima kinachotazama bandari, na ng'ambo ya bandari hiyo ni rasi ya Bluff. Huko Bluff kilikuwepo kituo cha kuchinjia nyangumi kilichohesabiwa miongoni mwa vikubwa duniani vya nchi kavu. Wanorwei walianza kazi Durban mwaka 1908. Nyangumi walivutwa hadi bandarini, wakapakiwa kwenye mabehewa ya reli, wakapelekwa kituoni, ambako wafanyakazi, wengi wao Wazulu, waliwakata na kuchemsha mafuta. Upepo ukigeuka, mji mzima ulijua. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1975 kwa kuwa biashara haikulipa tena.

Lakini si wote waliokuwa katika kazi hiyo walioacha. Meli iitwayo Sierra ilikuwa imekwisha kupata njia nyingine. Ilikuwa na mzinga wa chusa na pia vyumba vya barafu, kwa hiyo haikuhitaji kituo cha nchi kavu wala meli mama. Iliwinda katika Atlantiki bila kujali ukubwa, aina wala msimu, ikachukua nyama iliyo bora na kuutupa mzoga uliosalia. Nahodha wake alikuwa Mnorwei, wasimamizi wake walikuwa Afrika Kusini, na nyama ilipelekwa Japan kwa kupitia Ivory Coast.

Na bendera? Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Meli hiyo iliwahi kuitwa Run, ikiwa na bendera ya Bahamas. Baadaye ikaitwa Sierra, ikapeperusha bendera ya Somalia, kisha ya Cyprus. Wakati huo Somalia na Cyprus hazikuwa wanachama wa Tume ya nyangumi, kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi, meli hiyo haikuvunja sheria yoyote. Ni vigumu kuamini kwamba Mogadishu ilijua sana habari za chombo hicho, na ni vigumu zaidi kuamini kwamba wavuvi wa Kismayu au Merka walipata hata senti moja.

Sisi wahamiaji wa Berea, Wakongo, Watanzania, Wazimbabwe na wengineo, hatuhitaji kufundishwa uzito wa karatasi. Nimeishi hapa miaka mingi kwa kibali cha ukimbizi kinachohuishwa kila mara, na najua jinsi mtu aliyepitiwa na tarehe ya mwisho anavyobadilisha njia akiona gari la polisi. Baharini mambo yamepinduliwa. Huko karatasi ya nchi dhaifu ndiyo kinga bora kuliko zote, kwa sababu sheria ya bahari kuu husema kwamba meli huwajibika kwa nchi ambayo bendera yake inapeperushwa, na nchi ile ikiwa haina nia au haina uwezo, basi hakuna wa kuuliza.

Watson aliamua kuuliza. Aliijaza saruji omo ya meli yake, iliyoitwa Sea Shepherd kama shirika lenyewe, akaisaka Sierra hadi Ureno. Tarehe 16 Julai 1979, karibu na bandari ya Leixões, mabaharia wake wengi walishuka pwani kwa sababu hawakutaka kujiingiza katika kesi. Yeye na wenzake wawili waliipiga Sierra mara mbili, na pigo la pili lilipasua ubavu wake. Sierra ilifika bandarini ikiwa imeinama upande. Jeshi la majini la Ureno likaikamata Sea Shepherd. Mwishoni mwa mwaka huo Watson alifungua valvu na kuizamisha meli yake mwenyewe bandarini, ili isije ikatolewa kuwa fidia kwa wenye Sierra. Nayo Sierra ilitengenezwa, lakini tarehe 6 Februari 1980 ililipuliwa kwa bomu lililobandikwa chini ya mkuku ikiwa imefungwa gatini Lisbon. Hakuna aliyekufa, na haikuwinda tena.

Tendo hilo lilikuwa ni kosa la jinai katika bandari ya nchi huru, na bomu lililotegwa usiku halichagui mlinzi aliyelala. Kwamba hakuna aliyeuawa Lisbon ni bahati pia, si uangalifu peke yake.

Njia ya kura

Wakati huo huo palikuwa na njia nyingine iliyokuwa ikipitiwa kimya kimya. Mwaka 1979, mwaka ule ule Sierra ilipogongwa, visiwa vya Ushelisheli vilijiunga na Tume na kupendekeza kwamba Bahari ya Hindi, kuanzia pwani zetu hadi nyuzi 55 kusini, iwe hifadhi isiyowindwa nyangumi. Mwakilishi wa Ushelisheli alikuwa mwandishi Lyall Watson, mzaliwa wa Johannesburg. Jina tu ndilo lililofanana na la nahodha yule. Pendekezo likapita. Mwaka 1982 Tume ikapiga kura ya kusimamisha uwindaji wote wa biashara kuanzia msimu wa 1985/86: nchi 25 ziliunga mkono, 7 zilipinga, 5 hazikuelemea upande wowote. Kenya, Ushelisheli na Oman zilikuwa miongoni mwa hizo 25. Afrika Kusini haikuelemea upande.

Kwa nchi ndogo kura hizo hazikuwa jambo dogo. Nyangumi wenye nundu wanaoonekana Watamu, Kizimkazi na pwani ya Msumbiji kati ya Julai na Oktoba ni wasafiri wanaotoka kwenye maji ya barafu, ambako hula, na kuja kwetu kuzaa. Anayewaua huko huwapunguza hapa.

Japan ilipinga, kisha ikaondoa pingamizi lake kwa shinikizo la Marekani. Lakini mkataba wa 1946 ulikuwa na kifungu cha nane kinachoruhusu nchi kutoa vibali vya kuua nyangumi kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, na kinataka nyama isiachwe ikaharibika. Mwaka 1987 Japan ilianza mpango wa utafiti katika Antaktika. Nyangumi walipimwa masikio na matumbo, na nyama ikauzwa. Mwaka 2005 mpango huo ulipanuliwa: nyangumi aina ya minke takriban 850 kwa mwaka, na baadaye nyangumi 50 aina ya fin na 50 wenye nundu. Hao wa nundu Japan iliwaahirisha Desemba 2007 baada ya kelele za dunia, na hawakuguswa.

Hoja za Japan si za kupuuzwa. Minke ni wengi kuliko aina nyingine. Baada ya vita vya pili vya dunia, nyama ya nyangumi ndiyo iliyowalisha watoto wa shule nchini humo. Na Wajapani wengi, hata wasioila nyama hiyo, huuliza kwa nini mla ng'ombe awafundishe wao huruma. Kilichowaharibia hoja ni kule kuiita biashara kwa jina la sayansi, na pia siasa za kura. Wakosoaji walidai kwamba Japan ilizivuta nchi maskini ndani ya Tume kwa misaada. Mongolia na Mali, nchi zisizo na pwani hata ya kuoshea miguu, zilijiunga mwaka 2002 na 2004. Afisa mmoja wa idara ya uvuvi ya Japan aliiambia televisheni ya Australia mwaka 2001 kwamba misaada ni moja ya nyenzo za kupata kuungwa mkono. Serikali yake ilikanusha kununua kura.

Vita vya kamba na uvundo

Meli za Sea Shepherd zilianza kuwafuata Wajapani Antaktika mwaka 2002, na kwa nguvu zaidi kuanzia msimu wa 2005/06. Silaha zao zilikuwa za ajabu kidogo: kamba nene za kunasa rafadha, na chupa za asidi ya butiriki, yenye uvundo wa siagi iliyochacha, za kuchafua sitaha ili nyama isifae. Wajapani walijibu kwa mizinga ya maji na vyombo vya sauti kali.

Lakini silaha iliyofanya kazi kuliko zote ilikuwa rahisi. Meli ndogo za wawindaji haziwezi kuchinja. Lazima zimkabidhi nyangumi kwa meli mama, Nisshin Maru, kupitia mteremko wa tezi. Wanaharakati waligundua kwamba wakiegesha meli yao nyuma kabisa ya tezi hiyo na kung'ang'ania hapo usiku na mchana, kazi yote husimama, maana hakuna haja ya kuua mnyama asiyeweza kupakiwa. Kwa hiyo kila upande ukawa unamtafuta au kumkwepa mwenzake kwa majuma kadhaa. Msimu wa 2010/11 Japan ilikatisha safari mwezi Februari ikiwa na nyangumi 172 tu. Msimu wa 2012/13 ilipata 103.

Gharama yake ilikuwa hatari. Tarehe 6 Januari 2010 boti ya mwendo kasi ya wanaharakati, Ady Gil, ilikatwa omo na meli ya ulinzi ya Japan, Shonan Maru Na. 2. Mabaharia sita waliokolewa, mmoja akiwa na mbavu zilizovunjika, na boti ikazama. Kila upande uliulaumu mwingine. Wachunguzi wa New Zealand walisema wote wawili walikosea. Mwezi uliofuata nahodha wa boti hiyo, Pete Bethune wa New Zealand, alipanda Shonan Maru Na. 2 gizani, akadai kumkamata nahodha mwenzake na kumkabidhi hesabu ya dola milioni tatu. Badala yake alikamatwa yeye, akapelekwa Tokyo, akahukumiwa miaka miwili jela, adhabu iliyoahirishwa, kisha akafukuzwa nchini. Ni kuhusu mambo ya mwezi huo, pamoja na baharia wa Japan aliyesemekana kujeruhiwa usoni kwa asidi, ndipo Watson alipotakiwa kujibu miaka 14 baadaye.

Mwezi Februari 2013 Nisshin Maru, meli ya tani zipatazo 8,000, iligongana na meli za Sea Shepherd na kusukumana na meli ya mafuta iliyokuwa imekuja kuijazia. Mafuta hayo yangemwagika katika barafu, sijui ni nyangumi yupi angesema ametetewa.

Na bado yapo mambo yasiyoingia katika hadithi ya wema na wabaya. Februari 2007 mashua ya wanaharakati wawili ilipotea katika ukungu kwa saa kadhaa. Nisshin Maru, adui yao, iliungana na watafutaji hadi walipopatikana. Watson akashukuru, kisha akatangaza kwamba mapambano yanaendelea. Siku chache baadaye moto ulizuka ndani ya Nisshin Maru yenyewe na kumuua baharia mmoja, na meli ya Greenpeace, Esperanza, ikaenda kutoa msaada. Desturi ya kumwokoa aliye majini ni kongwe kuliko mikataba yote, na hakuna upande ulioihitaji kuamriwa.

Haramia ni nani?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa mwaka 1982, unaufafanua uharamia kuwa ni tendo haramu la mabavu linalofanywa na watu wa chombo kimoja dhidi ya kingine katika bahari kuu, kwa malengo ya kibinafsi. Je, anayempiga mwindaji ili kumwokoa nyangumi ana lengo la kibinafsi? Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema ndiyo: lengo lolote ambalo halikutumwa na dola ni la kibinafsi, na kwa hiyo Sea Shepherd ni maharamia. Wanasheria wengi hawakukubaliana na tafsiri hiyo, kwa hoja kwamba haramia ni mwizi na wanaharakati hawakuiba.

Kwetu neno hilo si la kitabuni. Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali kumi miaka saba jela kwa uharamia, na wengine wengi walifuata. Baadhi ya watekaji wa mwanzo wa Somalia nao walijiita walinzi wa pwani, wakidai kwamba meli za kigeni zilikuwa zikikomba samaki wao wakati nchi haina serikali. Madai ya kukombwa samaki yalikuwa na ukweli. Fidia waliyokuwa wakidai kwa mateka ilikuwa ni kitu kingine kabisa. Pengo ni lile lile: mahali dola isipokuwepo, hujitokeza mtu na kujivika ukanda wa askari, na hakuna wa kumpima isipokuwa yeye mwenyewe.

Sea Shepherd nao waliionja adha ya karatasi. Mapema mwaka 2006 meli yao Farley Mowat ilizuiliwa Cape Town kwa sababu ya vyeti vyake, hadi ilipoondoka bila ruhusa mwezi Juni. Baadaye Belize iliifuta katika daftari lake, na meli ikabaki haina nchi, hali ambayo huiruhusu manowari yoyote kuipanda na kuikagua.

Majaji kumi na sita

Australia ilichukua njia ya mahakama. Mwaka 2010 iliishitaki Japan katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 31 Machi 2014 hukumu ikasomwa. Majaji 12 dhidi ya 4 waliamua kwamba mpango wa Antaktika haukuwa kwa madhumuni ya utafiti wa kisayansi. Mahakama ilisema kwamba tangu 2005 walikuwa wameuawa minke wapatao 3,600, lakini matunda ya kitaaluma yalikuwa haba. Japan iliamriwa kufuta vibali.

Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alikuwa katika wengi, na alikwenda mbali zaidi yao. Katika kipengele kimoja, kuhusu wajibu wa Japan wa kuwasilisha mipango yake mapema kwa kamati ya wanasayansi ya Tume, majaji 13 waliona Japan imetimiza. Yeye na wenzake wawili walikataa. Jaji Abdulqawi Yusuf wa Somalia alikuwa katika wale wanne. Yeye aliona kwamba mahakama imejitungia kipimo kisichomo katika mkataba, na kwamba utafiti wenye kasoro haukomi kuwa utafiti. Anayesoma maoni yao mawili atatambua kwamba hawakubishana juu ya huruma kwa nyangumi. Walibishana juu ya kiasi gani mahakama inaweza kuingia ndani ya neno ambalo nchi imelitumia kujifunika.

Uamuzi huo haukumaliza mambo. Msimu wa 2015/16 Japan ilirudi Antaktika na mpango mpya wa minke 333. Agosti 2017 Sea Shepherd walitangaza kuacha kuwafuata, wakisema Japan ilikuwa ikitumia satelaiti za kijeshi ambazo wao hawakuweza kushindana nazo. Desemba 2018 Japan ikatangaza kujitoa katika Tume, na kuanzia Julai 2019 ikaanza tena uwindaji wa biashara, lakini katika maji yake yenyewe, ikiacha kabisa Antaktika. Watson alidai ushindi. Wanadiplomasia wa Australia nao. Na wako wanaosema kwamba kilichoshinda ni bei, kwa kuwa Wajapani vijana hawali tena nyama hiyo na safari za mbali zilikula fedha za serikali.

Jodari

Jambo ambalo halikutazamiwa lilitokea kwetu. Januari 2018 meli ya Sea Shepherd, Ocean Warrior, iliyoundwa mahsusi kuwafukuza wawindaji wa Antaktika, ilianza kufanya doria katika maji ya Tanzania. Operesheni iliitwa Jodari. Wanaharakati waliendesha meli. Waliopanda na kukagua vyombo vya wavuvi walikuwa maafisa wa Tanzania, wakilindwa na askari wa jeshi la majini. Katika mwezi huo huo meli ya Malaysia, Buah Naga 1, ilikutwa na mapezi ya papa pamoja na silaha isiyoandikishwa, ikapelekwa Mtwara na wakuu wake kufikishwa mahakamani.

Meli, mabaharia na bendera ya fuvu la kichwa waliyozoea kuipandisha vilikuwa ni vile vile. Tofauti ilikuwa ni yule afisa wa uvuvi kutoka Dar es Salaam aliyesimama sitahani akiwa na kitambulisho cha Jamhuri. Watson mwenyewe alikwishaanza kuachana na mwelekeo huo. Mwaka 2022 aliondoka Sea Shepherd akilalamika kwamba shirika limekuwa mtumishi wa serikali, akaanzisha jingine. Kwa yeye hilo ni kasoro. Kwa nchi yenye pwani ndefu na boti chache za doria, sioni kuwa ni kasoro, ingawa yafaa kuuliza nani hulipa mafuta ya meli na ataendelea kulipa hadi lini.

Alipokamatwa Nuuk, Watson alikuwa njiani kwenda Pasifiki ya Kaskazini kuitafuta Kangei Maru, meli mama mpya ya Japan iliyoondoka Shimonoseki Mei 2024 kuchukua nafasi ya Nisshin Maru. Ina tani zipatazo 9,300 na inaweza kusafiri kilomita 13,000 bila kujaza mafuta. Mwaka huo Japan iliongeza fin, mnyama wa pili kwa ukubwa duniani, katika orodha ya wanaowindwa. Serikali ya Tokyo inasema meli hiyo ni ya maji ya Japan tu. Wanaharakati wanauliza kwa nini meli ya maji ya nyumbani ikapewa tangi la kuifikisha Antaktika.